Sura ya Saba: Pumzi ya Chini ya Jamvi

Siku ya kumwaga jamvi ni siku ya kelele, na mwenye nyumba aliyekwisha kupita umri wa kubeba ndoo hufanya vema kuketi chini ya mti na kuwaachia mafundi uwanja wao. Lakini asubuhi ile ya Septemba, nilipokuwa nikijenga hapa Njoro, mjini Moshi, nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa msingi, mikono nimeitandaza kama mtu azuiaye ng'ombe wasiingie shambani, kwa sababu nilikuwa nimeona tundu. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa kiganja. Kibarua mmoja aliyekuwa akiburura nondo alikuwa ameichana karatasi ya nailoni nyeusi tuliyoitandika juu ya kokoto, akaulaza mchaniko kwa unyayo wake, akaenda zake akiimba.

"Mwalimu," akaniambia fundi, kwa upole wa mtu ambaye mifuko yake ya saruji imekwisha kufunguliwa na mashine yake ya kukodi imekwisha kuwashwa, "hapo maji hayapandi. Udongo wa hapa unakunywa maji."

"Siogopi maji, fundi."

"Sasa unaogopa nini?"

Nilimwambia kwamba naogopa hewa. Akanitazama, akamtazama kibarua, kisha akaitazama tena ile nailoni. Na nadhani kama si heshima ambayo watu wa mlima huu wangali nayo kwa mwalimu, hata akiwa amestaafu na ni mtu wa pwani asiyejua kupalilia mgomba, ningesikia kicheko. Sura hii ndiyo jawabu ambalo sikuwa na nafasi ya kumpa siku ile, mashine ikinguruma.

Katika udongo wowote ule, uwe wa mfinyanzi wa bonde la Pangani au wa majivu ya volkano, mna urani kidogo, ghalibu sehemu mbili au tatu katika milioni. Urani ni madini yasiyotulia: hufa polepole mno, kwa kadiri kwamba nusu yake humalizika kwa miaka bilioni 4.5, na kila chembe ifapo huacha mrithi, na mrithi naye hufa akaacha mrithi, hata nasaba hiyo ikafika kwa radiamu, ambayo nusu yake huishi miaka 1,600. Mpaka hapo wote ni yabisi, wamefungwa ndani ya jiwe, wala hawana njia ya kumfikia mtu aliyelala kitandani. Lakini mwana wa radiamu ni radoni, na huyu peke yake katika ukoo mzima alizaliwa gesi: hana rangi, hana harufu, hana ladha, hashikamani na kitu chochote kikemia, na madhali hakuna kinachomshika, hupenya katika nafasi zilizo baina ya punje za udongo akiitafuta hewa. Umri wake ni mfupi. Nusu yake hutoweka kwa siku 3.8. Hilo lingekuwa faraja, kama si kwamba warithi wake, poloniamu na risasi na bismuti, hurudia tena hali ya yabisi, wakaganda juu ya vumbi na moshi ulioelea chumbani, wakavutwa puani. Radoni yenyewe mtu huivuta na kuitoa. Watoto wake ndio wanaobaki katika kuta za mapafu, na poloniamu hutupa humo chembe za alfa, ambazo huzuiwa na karatasi moja ya daftari, seuze ngozi ya mtu, ila mapafu hayakuumbwa na karatasi wala ngozi ya namna hiyo ndani yake.

Binadamu waliuawa na gesi hii kwa karne nyingi kabla hawajajua jina lake. Katika milima ya Ulaya ya kati, huko Schneeberg na Joachimsthal, wachimba fedha walikuwa wakifa vijana kwa ugonjwa wa kifua, na Georg Agricola, aliyekuwa tabibu katika Joachimsthal, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha madini, kilichochapwa mwaka 1556, habari za wanawake wa milima ya Carpathia waliokwisha kuolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakachukuliwa na mgodi. Mwaka 1879 matabibu Härting na Hesse walionyesha kwamba ugonjwa wa Schneeberg ulikuwa uvimbe wa mapafu. Radoni haikutambuliwa ila mwaka 1900, na Mjerumani Friedrich Ernst Dorn. Msomaji wa pwani asidhani kwamba Joachimsthal ni mahali pasipomhusu: sarafu za fedha zilizopigwa huko ziliitwa kwa jina la bonde hilo, na kutokana na jina hilo likatoka neno thaler, na kutokana na thaler ikatoka dola, na ile thaler ya Maria Theresa, mama mnene mwenye ushungi wa kifalme, ndiyo waliyoihesabu mababu zetu Unguja na Mombasa walipouza pembe na karafuu, wakaiita reale. Sidai kwamba reale zao zilichimbwa katika mashimo yale yale. Nasema tu kwamba jina la mahali walipokufa wachimbaji wale limepita mikononi mwa watu wengi.

Kwamba gesi ya migodi yaweza kuingia katika nyumba ya kawaida, ulimwengu ulizinduka kwa kisa cha Stanley Watras, mhandisi wa Pennsylvania, Marekani. Mwezi wa Desemba 1984 alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nyuklia cha Limerick, ambacho kilikuwa bado hakijazalisha umeme, na kila apitapo penye mashine za kupimia mionzi zikipiga kelele. Wakamtafuta uchafu wa mionzi kazini wasiuone. Hatimaye ikadhihirika kwamba mashine zilimpigia kelele anapoingia, si anapotoka: alikuwa akiileta mionzi kutoka nyumbani. Walipokwenda kupima nyumba yake walikuta karibu bekereli 100,000 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na nyumba za majirani zilikuwa na viwango vya chini kabisa. Ajabu ya kisa hiki, kwa rai yangu, si ukubwa wa ile tarakimu. Ni jirani. Mwamba mmoja, mtaa mmoja, na ua baina yao, na mmoja amelala juu ya ufa na mwenziwe hakulala juu yake.

Bekereli moja maana yake ni chembe moja kufa katika sekunde moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza kwamba hewa ya nyumba isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale ambapo hali ya nchi hairuhusu, isizidi 300 kwa vyovyote. Hewa ya nje huwa baina ya 5 na 15. Chukua chumba cha kulala cha mita tatu kwa nne, dari yake mita mbili na nusu: humo mna mita 30 za ujazo, na kwa kiwango hicho cha 100 chembe 3,000 hufa kila sekunde, usiku kucha, huku mtu anaota. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila bekereli 100 zinazoongezeka, kwa wastani wa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Kwa asiyevuta sigara nyongeza hiyo ni juu ya hatari iliyo ndogo. Kwa mvutaji ni juu ya hatari iliyo kubwa tayari, na Shirika hilo hukadiria kwamba hatari ya radoni kwake ni mara 25 ya ile ya mwenziwe asiyevuta. Mtu aniulizaye afanye nini kuhusu radoni huku amebana sigara vidoleni, mimi humtazama vidole kwanza.

Sasa gesi huingiaje? Watu husikia kwamba radoni ni nzito kuliko hewa mara saba na zaidi, wakadhani hukaa chini kama maji ndani ya birika. Si hivyo. Nyumba huivuta. Hewa ya ndani, ikipata moto kwa miili ya watu, jiko na taa, hupanda na kutokea darini, na mahali pake lazima pajazwe. Ikiwa madirisha yamefungwa, nyumba hunyonya kutoka kule inakoweza kunyonya, yaani chini: katika ufa baina ya jamvi na ukuta, katika tundu la bomba la choo ambalo fundi bomba alilichimba kwa patasi akaliacha wazi nyuma ya sinki, katika mapengo ya matofali. Nguvu ya unyonyaji huo ni ndogo hata mshumaa hauyumbi, lakini haulali. Maji ya visima virefu nayo huleta kidogo, na huitoa yanapomwagika au yanapochemka. Mawe ya ukutani huleta kidogo zaidi ya hapo. Udongo ndio mama wa mambo.

Mintarafu ya udongo wetu, mlima huu hakuumwaga mpishi mmoja. Shira, Mawenzi na Kibo ni volkano tatu za nyakati mbalimbali, na miamba yao haifanani: basalti nyeusi, ambayo kwa kawaida ina urani haba, imelala karibu na trakiti na fonoliti za Kibo, na hizi ni za jamii ya miamba ambayo hukusanya urani na toriamu zaidi, juu yake pamepita majivu, mito ya matope ya volkano na mawe yaliyosombwa na maji, mengine yamebana, mengine yana mianya ya kupita mkono. Nani awezaye kusimama barabarani akasema chini ya kiwanja hiki mna nini? Jina Njoro lenyewe latokana na neno la Kimaasai la chemchemi, na palipo na chemchemi pana njia chini ya ardhi. Mlima huu na jirani yake Meru wamekwisha kutufundisha kwamba kheri na shari hutoka katika jiwe moja. Waulizeni watoto wa upande wa Meru wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo katika maji. Na tukiitazama Afrika Mashariki kwa upana, kilima cha Mrima katika nchi ya Kwale, pwani ya Kenya, kimejaa toriamu hata wataalamu wamekiorodhesha miongoni mwa mahali penye mionzi ya asili iliyozidi kawaida, na fosfeti ya Minjingu, karibu na ziwa Manyara, ambayo wakulima wetu huijua kwa mbolea, ina urani kupita udongo wa kawaida.

Walakini nyumba za kale za mlima huu zilikuwa na hirizi yao. Nyumba ya Mchaga wa zamani, ya duara, iliyoezekwa nyasi tangu kileleni hata karibu na ardhi, watu na ng'ombe na moto ndani yake, haikuwa na sakafu ya kuizuia radoni, lakini haikuwa na kitu cha kuifungia pia: moshi ulipenya katika nyasi, na gesi ikapenya pamoja nao. Nisieleweke vibaya, moshi ule uliua mapafu kwa njia yake, na yeyote aliyemwona bibi mzee akikohoa mbele ya mafiga hatatamani turudi huko. Yale mahandaki ambayo wageni huonyeshwa Marangu, walimojificha Wachaga na mifugo yao wakati wa vita na Wamaasai, ndiyo yangekuwa mahali pa kutazamwa kwa hadhari: chumba kilichochimbwa ardhini, udongo pande zote, mlango mmoja mwembamba. Aliyejificha humo siku tatu alikuwa na hofu iliyo kubwa kuliko radoni, na haki yake.

Hirizi ile tunaivua sisi wenyewe. Hapa Njoro, joto la Januari hutulazimisha kulala madirisha wazi, wavu wa mbu umetandwa, na upepo hupita bure. Lakini panda Kibosho au Machame mwezi wa Julai, ukungu umeshuka hata kwenye migomba, uione nyumba mpya ya tofali za saruji: madirisha ya aluminiamu yenye kioo cha kuteleza, yamefungwa tangu magharibi, yale matofali ya matundu ambayo mafundi wa zamani waliyapanga juu ya kila mlango na dirisha yameachwa kwa sababu eti huingiza vumbi na hayapendezi, dari ya jipsamu haina hata mwanya wa mjusi. Nyumba nzuri. Ni chupa yenye kizibo, na sehemu iliyo wazi ni kitako chake.

Hofu, hata hivyo, haina haki ya kutangulia kipimo. Kupima kwenyewe si kazi ya kutisha. Kuna kipimo cha muda mrefu: kikombe kidogo cha plastiki, ndani yake kipande cha plastiki angavu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kila chembe ya alfa inayokigonga huacha jeraha lisiloonekana, na baada ya miezi mitatu au mwaka mzima maabara hukichemsha katika kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, majeraha yakapanuka kuwa vishimo, yakahesabiwa kwa hadubini. Hakitumii umeme, hakilii, wala mtoto hawezi kukiharibu ila akimeze. Kuna kipimo cha muda mfupi, nacho ni mkebe wa makaa: makaa hunyonya radoni kwa siku mbili hadi saba, kisha mkebe hufungwa ukapelekwa haraka. Na neno haraka hapa si adabu ya barua. Mkebe uliotumwa ng'ambo ukakaa njiani siku kumi na mbili umepoteza nusu, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo, imebaki thumni. Maabara huweza kukisahihisha kwa hesabu, lakini kipimo kilichokuwa dhaifu tangu mwanzo hakina cha kusahihishwa. Kuna pia mashine ndogo za kielektroniki zinazoonyesha tarakimu siku hadi siku, na hizi zina faida ya kumwonyesha mwenye nyumba kwa macho yake kwamba alfajiri si sawa na adhuhuri.

Kipimo huwekwa chumbani watu wanamolala, si jikoni wala bafuni penye mvuke. Mbali na dirisha na mlango. Juu ya kabati au meza, si sakafuni. Na madirisha yaachwe kama yaachwavyo siku zote, maana kuyafungua kwa ajili ya kipimo ni sawa na mgonjwa anayekunywa dawa ya homa kabla ya kuwekewa kipimajoto. Katika nchi ya masika na kipupwe ningeshauri kipimo cha miezi mirefu, kwa kuwa udongo wa nje ukiloa masika hufunga njia zake, na gesi hugeukia udongo mkavu ulio chini ya nyumba. Herufi moja tu hutenga Njoro yetu na Njiro ya Arusha, kilomita themanini hivi kutoka hapa, na huko Njiro ndiko zilikojengwa maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 badala ya Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyokuwapo tangu sheria ya mwaka 1983. Mwenye swali aanzie huko, kuliko kuanzia dukani.

Na ikiwa kipimo kimepanda? Dawa ya kwanza haina gharama: fungua. Rudisha matofali ya matundu. Kuziba nyufa ni vema, na lazima, lakini anayeziba nyufa peke yake hushindana na gesi katika mchezo ambao gesi imeucheza tangu dunia kuumbwa. Ataziba kumi na moja, itapita ya kumi na mbili. Dawa yenye nguvu ni kuigeuza nyumba isinyonye, na namna yake ni hii: hutobolewa jamvi mahali pamoja, hufukuliwa shimo dogo chini yake la kiasi cha ndoo, huingizwa bomba la plastiki la inchi nne, likapandishwa hata juu ya paa, na njiani humo hutiwa feni ndogo yenye kula umeme wa balbu ya zamani. Feni hiyo hunyonya chini ya jamvi kwa nguvu kuliko nyumba inavyonyonya juu yake. Gesi hufika angani, ikachanganyika na upepo, ikawa si kitu. Nyumba zilizofanyiwa hivyo ghalibu hushuka hata sehemu moja ya kumi ya kiwango cha awali, na pengine chini ya hapo.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, hiyo ni kazi ya kuvunja, vumbi na manung'uniko ya mama mwenye nyumba. Kwa nyumba ambayo jamvi lake halijamwagwa, ni kokoto safi zisizo na mchanga za unene wa shibiri moja ili hewa itembee, nailoni nene juu yake, iliyopandana kila kiungo kwa sentimita 30, na kipande cha bomba kilichosimamishwa kikingoja feni ambayo huenda isihitajiwe kamwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mlango wa mbele ambao watu huuchonga maua.

Basi turudi pale juu ya msingi. Fundi alizima mashine. Kibarua akaitwa, akaleta kipande cha nailoni, tukakikata kikubwa kuliko tundu kwa shibiri kila upande, tukakibandika kwa utepe mpana wa gundi, na fundi mwenyewe akapiga magoti, akaupitisha mgongo wa kijiko juu ya utepe mara tatu, taratibu, kama mtu abandikaye kiraka cha baiskeli. Kisha akaliendea lile bomba lililosimama peke yake katika pembe ya chumba cha stoo, lisilo na choo wala sinki karibu nalo, akaufunika mdomo wake kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akaufunga kwa waya wa nondo ili zege lisiingie. Jirani yangu, mama muuza maziwa, alikuwa amesimama uani na ndoo yake akitazama.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Choo mnakiweka stoo?"

"Si choo, mama," akamjibu fundi kabla yangu, akainuka akifuta magoti. "Hilo ni la hewa. Muulize mwalimu jioni, sasa hivi zege linaganda."